Programu Iliyokatazwa Kusema Haipo

Hivi wewe unayenisikiliza, ukitaka kumwambia mama yako asitoke leo kwa sababu huko aendako hakuna kitu, utahitaji karatasi ngapi? Usicheke. Najua utasema unafungua mdomo tu, unamwambia. Ndiyo maana hukupata kuajiriwa na serikali hii ninayotaka kukusimulia.

Nchi yenyewe siitaji jina, wala si kwa kuogopa. Jina lake lilikuwa limepelekwa kwenye mapitio na lilikuwa halijarudi. Ilikuwa nchi nzuri, yenye mabango makubwa kuliko nyumba, na watu wake walikuwa wapole mno, maana wale waliochoka kuwa wapole walitafutiwa makazi mengine. Wageni waliisifu kwa desturi yake moja: mtu wa ofisi ya umma hakuruhusiwa kumwambia mwananchi kwamba kitu hakipo. Kusema hivyo kuliitwa kukatisha tamaa, na kukatisha tamaa lilikuwa kosa zito kuliko wizi, kwa kuwa mwizi angalau anaamini kuna kitu. Basi ukiuliza maji, yapo njiani. Ukiuliza mwalimu wa hesabu, yupo njiani. Hata lile daraja lililobebwa na mafuriko, watu walipouliza, waliambiwa lipo njiani, na hilo lilikuwa kweli kabisa, samaki waliliona likipita.

Katika nchi hiyo alikuwapo binti mmoja, Sikudhani, fundi wa programu za kompyuta katika Wizara ya Afya, Subira na Uratibu. Aliishi na mama yake, Bi. Mwantumu, mjane mwembamba wa mwili na mnene wa maneno, ambaye sukari ilikuwa imemshika miaka mingi. Kila asubuhi Bi. Mwantumu alinywa chai ya rangi bila sukari, akajitanda leso yake ya rangi ya bizari, akavaa makubadhi yake yenye mkanda uliorekebishwa kwa uzi wa katani, akatoka kutafuta dawa.

Alianza Zahanati ya Sokoni. Pale dirishani kulikuwa na karani aliyechomeka kalamu sikioni, mtu wa adabu sana. Dawa ipo njiani, mama yangu, husema, labda Bondeni wameshapata. Bi. Mwantumu hushuka Bondeni. Bondeni humwambia ipo njiani, tena wamesikia imepita kwa juu, ajaribu Mlima Kuni. Mlima Kuni ni mlima kweli, si jina tu. Akifika kule huku akihema, humpa kiti na kumwambia ipo njiani, bila shaka imepishana naye.

Na siku nyingine aliipata. Hapo ndipo shida ilipokuwa. Kama asingeipata kabisa angeacha kwenda. Lakini mara Bondeni, mara Sokoni, alitiliwa vidonge vyake kwenye bahasha ya khaki, akarudi navyo kifuani kama mtu aliyeokota lulu. Sikudhani alimsihi abaki nyumbani, yeye atapiga simu kuuliza. Akapiga. Watunza stoo wote wakamjibu ipo njiani, dada. Mmoja tu, wa Bondeni, alishusha sauti, akamwambia yeye ana watoto wanaosoma na hawezi kutamka analoulizwa. Lakini ingekuwa ni mashine inayouliza, akasema, angeijibu, maana mashine haiendi kumsema mtu.

Sikudhani akakata simu, akabaki ameishika.

*

Programu aliyoitengeneza ilikuwa ndogo kama kibanzi. Mtunza stoo, akifungua mlango asubuhi, anabonyeza kitufe. Mgonjwa nyumbani kwake, kwenye simu yake ya kitochi, anapata neno moja. Dawa ipo, au dawa haipo. Basi. Aliiandika Jumamosi na Jumapili kwenye meza ya jikoni, kati ya chungu cha maharage na kinu, mama yake akichambua mchele upande wa pili na kumwuliza kila mara kama hiyo kompyuta haioni njaa.

Alipoijaribu, kitochi cha mama kililia ndani ya ungo, katikati ya mchele. Bi. Mwantumu akakipangusa vumbi, akakiweka mbali na macho kama wafanyavyo wazee, akasoma. Haipo.

"Hata salamu haina," alisema.

Kisha akasoma tena, na akakirudisha kitochi kifuani taratibu.

Lakini katika nchi ile huwezi kuwasha kitu ambacho hakijapangwa. Hata kuku wa Ikulu walitaga kwa mpango. Basi Sikudhani akaandika mpango wake, ukurasa mmoja. Juu aliandika programu itafanya nini: itamwambia mgonjwa kama dawa ipo au haipo. Chini yake nani ataitumia, nini kitaanza, nini kitafuata, na ikiharibika aitwe nani. Chini kabisa akaweka kile walichofundishwa chuoni kwamba usipokiuliza utajenga nyumba isiyo na mlango: Mtumiaji anataka nini?

Mtumiaji alikuwa hapo hapo, anapepeta. Sikudhani alifungua kinywa amwulize, akakumbuka alichoambiwa na Fikirini, mwenzake wa meza ya pili ofisini, mtu aliyekaa wizarani muda mrefu hadi kiti chake kikachukua umbo lake. Fikirini alimwonya kwamba mwananchi haulizwi hivi hivi. Anaulizwa na Kamati ya Kuuliza, tena baada ya mpango kuzinduliwa. Ukijaza mwenyewe, alisema, watataka kujua mama yako ana cheo gani hadi aanze kutaka.

Basi Sikudhani akaandika: itajazwa.

*

Ukurasa ulipelekwa kwa Dakta Ngwembele, Mkurugenzi wa Mipango Midogo. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha mpango mdogo haubaki mdogo. Alikuwa mtu wa mwili, mwenye sauti laini ya kusomea wasia, na mezani kwake alikuwa na kengele ya kumwita mtu wa kumwita katibu.

Akausoma ule ukurasa. Akaugeuza nyuma. Akauinua kwenye mwanga.

"Mwingine uko wapi?"

"Ndio wote, Mkurugenzi."

"Binti yangu," akasema kwa huruma, "huu si mpango. Huu ni ujumbe."

Akamweleza kwa upole wa mtu anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu. Mpango hauna dira. Hauna dhima. Hausemi taifa litakuwa wapi kizazi kijacho katika nyanja ya kujulishana. Unaanza na mgonjwa, na mgonjwa ni mtu wa mwisho. Sikudhani akasema programu yenyewe imeshakamilika, inafanya kazi, ipo kwenye mkoba wake huu hapa. Dakta Ngwembele akauangalia mkoba kama aliyeambiwa ndani mna nyoka. Akamwomba asirudie kauli hiyo mbele za watu, kwani kitu kilichokamilika kabla ya mpango wake ni sawa na mtoto aliyezaliwa kabla ya harusi.

Halafu akachukua kalamu, akaongeza dira.

Na hapa nikueleze adabu yao. Mkubwa yeyote aliyeguswa na mpango ilibidi aongeze kitu, asionekane hakuwapo. Na alichoongeza mkubwa hakikufutwa, maana kufuta neno la mtu ni sawa na kuingia jikoni kwake ukamwaga mchuzi. Idara ya Ulinzi ikaongeza geti, programu isiingiwe. Idara ya Ardhi ikaongeza ramani ya kitufe, na mipaka yake. Idara ya Utamaduni ikaongeza ngoma mbili, moja ya wanawake. Wizara ya Uvuvi ililetewa mpango kwa makosa, nayo haikutaka ionekane haina mchango, ikaongeza sangara. Waliposhtuka kwamba sangara hana mahali katika dawa ya sukari, hapakuwa na wa kumwondoa, basi ikaundwa kamati ndogo ya kumtafutia kazi.

Ukurasa ukawa jalada. Jalada likawa makabati. Mwishowe mpango ukahitaji chumba chake, chenye feni, usipate unyevu, na wizara nzima ikatafuta chumba kikavu, safi, kisicho na kitu. Walikipata Zahanati ya Sokoni. Kilikuwa stoo ya dawa.

Bi. Mwantumu aliwakuta wakiingiza. Aliwapisha mlangoni, akawaona vijana wa serikali wakibeba maboksi kwa bidii, majasho yakiwatoka, na moyo wake ukaruka. Akarudi nyumbani kumwambia mwanawe kwamba leo, kwa macho yake mawili, ameiona dawa ikishushwa.

Sikudhani alichukua kisu. Alimenya kitunguu hadi kikaisha.

"Mpango wako bado unanenepa?" mama aliuliza.

"Unanenepa, mama."

"Basi ndio unaonipunguza mimi. Mizani lazima ikae sawa."

Na kweli alikuwa anapungua. Leso ile ya rangi ya bizari sasa ilimzunguka mara nyingine zaidi.

*

Mpango ulikwama kwenye neno moja. Katika makabati yote yale, pamoja na ngoma na sangara, Kamati ya Istilahi ilikuta ule mstari wa mwanzo kabisa, wa Sikudhani mwenyewe: ipo au haipo. Wajumbe walitoka nje kupunga upepo. Mmoja, mzee wa heshima, alilazwa.

Dakta Ngwembele alimwita Sikudhani na kumkaribisha kiti, na hapo Sikudhani akajua mambo ni mabaya, maana kile kiti hakikuwa cha watu wa daraja lake. Mkurugenzi akamwambia amemtetea sana. Amewaambia Kamati kwamba ni binti mdogo, hakukusudia tusi. Lakini serikali iliyoshinda ukoloni, njaa na upinzani haiwezi leo kusimama mbele ya mwanamke mwenye ungo na kusema haipo.

"Sasa dawa ikiwa haipo, Mkurugenzi, mgonjwa aambiwe nini?"

"Aambiwe ukweli wa baadaye."

Sikudhani aliuliza ukweli huo ni upi.

"Ipo njiani," alisema Dakta Ngwembele. "Ni kweli, ila haijafika wakati wake. Wewe ni fundi, unajua kompyuta inavyofikiri haraka. Basi na imfikirie mgonjwa kule mbele."

Na neno lilikuwa la Sikudhani, si la mkubwa, kwa hiyo lingeweza kufutwa, mradi mwenyewe aweke sahihi. Akiweka, majaribio yanaanza mara moja na kitufe kitawashwa. Asipoweka, mpango utarudi mwanzo, kwenye dira.

Sikudhani aliomba kwenda kufikiri. Fikirini alikuwa anakula muhogo mezani, na hakuinua uso. Heri nusu shari kuliko shari kamili, alimwambia. Siku ambayo dawa ipo, mama yako ataambiwa ipo, na huo utakuwa ukweli wa kwanza kutoka wizara hii tangu kile kibao kilichoandikwa Choo. Na siku ambayo haipo, je, nani katika nchi hii hajui maana ya ipo njiani?

Sikudhani aliona maneno yana busara. Nani asiyejua? Hata mtoto wa chekechea anajua. Akarudi, akakaa kwenye kile kiti kizuri, akaweka sahihi. Dakta Ngwembele akalikata lile neno kwa rula, taratibu, kwa wino mwekundu, akaandika ipo njiani, na kwa kuwa palibaki nafasi akaongeza mkiani, kwa uungwana wake mwenyewe: Asante kwa subira yako.

"Sasa ina salamu," alisema.

*

Kabla majaribio hayajaanza Sikudhani alipelekwa semina. Ilikuwa hotelini, penye chemchemi za maji moto, na ilikuwa semina ya kuandaa Mpango wa Kuuzindua Mpango. Simu zilikusanywa mlangoni kwenye beseni la plastiki, siri zisivuje, na zikarudishwa mwisho wa semina, ambayo ilichelewa kwisha kwa sababu wajumbe hawakukubaliana rangi ya utepe. Sikudhani alimwachia mama vidonge vilivyobaki na unga, akamwambia asitoke hovyo, programu ikianza atamweleza mwenyewe jinsi ya kuisoma.

Ilianza alipokuwa kwenye utepe.

Yaliyotokea nyuma alielezwa na mama yake mwenyewe, wodini, kwa kirefu, maana Bi. Mwantumu hakujua kueleza kwa kifupi. Alisema kitochi kililia alfajiri, naye alikuwa anawasha moto. Dawa ipo njiani. Asante kwa subira yako. Kwanza alicheka. Kisha akajiuliza anacheka nini. Akisema karani wa dirishani, hayo ni maneno ya karani, yanaingia hapa yanatokea pale. Lakini hii ni kazi ya Sikudhani. Hii ameiona ikiandikwa jikoni kwake, na Sikudhani hajawahi kumdanganya, hata alipovunja birika la harusi alikuja mwenyewe kusema. Basi kama Sikudhani anasema ipo njiani, ipo njiani. Akavaa makubadhi.

Kitochi kikalia kila alfajiri, naye akatoka kila alfajiri, tena sasa hakupumzika hata Ijumaa, wala siku za mvua. Zamani akichoka alikuwa anajisemea labda haipo, akakaa. Sasa alijisemea nikikaa nitapishana nayo. Sokoni, Bondeni, Mlima Kuni, na siku nyingine akarudia Sokoni jioni. Ule mkanda wa makubadhi ulioshonwa kwa katani ukawa unamla kisiginoni. Hakusikia. Sukari ikikaa mwilini huleta ganzi na kuiacha miguuni, mtu akakanyaga kaa la moto akadhani ni jiwe. Aliyeona ni yule karani wa adabu, wa Sokoni. Alichungulia dirishani, akaona alama nyekundu sakafuni, kutoka mlangoni hadi kwake, akauliza kwa heshima zote ni nani anayechafua.

Walimkata mguu chini ya goti. Daktari aliyemkata alikuwa kijana mpole, akamwambia Sikudhani pembeni kwamba angeletwa mapema, au angekaa tu nyumbani kidonda kisisuguliwe, pengine mguu ungebaki. Sikudhani aliuliza kama mama anapewa dawa yake. Daktari akafungua kinywa. Akatazama mlango, akatazama dari, akasema ipo njiani.

Alipomaliza kueleza, Bi. Mwantumu aliegemeza kichwa kwenye mto. Sikudhani alikuwa anamtazama nesi akikunja shuka mahali ambapo mguu ungekuwa.

"Lile neno la kwanza lilikwenda wapi?" mama aliuliza. "Lile la kwenye mchele."

Sikudhani alijibu kwamba lilifutwa.

"Nani alilifuta?"

Sikudhani akaanza kueleza habari za Kamati ya Istilahi, na mzee aliyelazwa, na kile kiti. Alieleza vizuri tu, kwa mpangilio. Mama yake akageukia ukutani, akasema amechoka, atalala.

*

Wizara, kwa upande wake, ilifurahi mno. Taarifa ya majaribio ilionyesha kwamba tangu programu ianze wagonjwa wanakwenda zahanati kuliko wakati wowote katika historia ya nchi, na kwamba wa kwanza kwa kwenda, akiwaacha wenzake mbali, ni mwananchi mmoja anayeitwa Mwantumu. Hapo hapo akateuliwa kuwa Mnufaika wa Mfano. Sikudhani alimwendea Dakta Ngwembele kumwambia kwamba Mnufaika wa Mfano hana mguu. Mkurugenzi alisikitika kwa dhati. Alisema hilo lingesemwa mapema lingeingia kwenye mpango, lakini sasa mpango umefungwa, na mpango unasema wazi kwamba Mnufaika atatembea kwenye zulia jekundu na kupokea zawadi. Sikudhani akaomba basi lile neno lirudishwe. Dakta Ngwembele alimwonyesha sahihi yake, nzuri, yenye mkia.

Sikudhani aliazimia mama asiende. Alimwambia atasema anaumwa, atasema lolote.

"Nitakwenda," alisema Bi. Mwantumu. "Mimi si nimezoea kwenda?"

Siku ya uzinduzi uwanja ulijaa. Mpango uliletwa kwa malori, ukisindikizwa na pikipiki, na bendi ya polisi ikaupigia wimbo wa taifa kwa makosa, watu wakasimama. Ngoma zilichezwa mbili, moja ya wanawake. Sangara naye alikuwapo, wa kukaangwa, kila meza ya wageni rasmi. Kamati yake ndogo ilikuwa imemaliza kazi. Sikudhani alikaa nyuma na mafundi wa vipaza sauti, kompyuta yake magotini, kwani ndiye aliyetakiwa kuunganisha kitufe.

Mheshimiwa Waziri alihutubia. Alisema mataifa mengine yana dawa lakini hayana mpango, na dawa bila mpango ni sumu. Alisema wapo wanaobeza, wanaotaka kuwaambia wananchi kwamba vitu havipo, na hao wanajulikana majumbani mwao. Alisema nchi hii haitakaa itamke neno hilo, na alipofika hapo alisubiri makofi, akapigiwa, akaketi, akakumbushwa kwamba hajamaliza, akasimama tena.

Kisha akaitwa Mnufaika wa Mfano. Zulia lilikuwa refu. Bi. Mwantumu alilipita lote kwa magongo, peke yake, hakukubali kushikwa, na ilichukua muda, hata bendi ikaishiwa wimbo na kuanza upya. Alikuwa amejitanda leso ile ile. Alipofika, Waziri akamkabidhi zawadi iliyoandikwa kwenye mpango, na mpango haufutwi. Vilikuwa viatu vipya vya ngozi, jozi kamili, vya kumwezesha kuendelea kuzifikia huduma. Waziri akaviinua juu watu waone. Halafu akaangalia chini.

Dakta Ngwembele aliwahi kumnong'oneza, na kwa kuwa kipaza sauti kilikuwa wazi uwanja mzima ukasikia. "Kimoja ni cha akiba, Mheshimiwa."

Bi. Mwantumu alivipokea. Alisema asante, akavitia kwapani.

Waziri akabonyeza kitufe. Kule nyuma taa ndogo ya kompyuta ya Sikudhani ikawaka kijani, na mbele ya watu wote kitochi kikalia kifuani mwa mama yake. Waziri akatabasamu kama mtu aliyejifungua. Akamwomba bibi awasomee wananchi ujumbe wa kwanza rasmi. Bi. Mwantumu akakitoa, akakiweka mbali na macho.

"Dawa ipo njiani," alisoma. "Asante kwa subira yako."

Makofi yakavuma. Yalipotulia, Waziri akafunua ukurasa mmoja, wa zamani, uliochakaa pembeni, uliokuwa chini ya makabati yote. Alitangaza kwamba katika mpango mzima wameacha kwa makusudi sehemu moja wazi, kwa heshima ya mwananchi, na leo mwananchi mwenyewe ataijaza kwa kinywa chake. Alisoma swali polepole: Mtumiaji anataka nini? Akamwekea bibi kipaza sauti. Dakta Ngwembele akampa kikadi chenye jibu, kwa herufi kubwa, nalo lilikuwa: Nataka kuishukuru serikali.

Bi. Mwantumu alikisoma kikadi mpaka mwisho, kwani alikuwa mtu wa adabu. Akakitia ndani ya kiatu kimojawapo. Macho yake yalipita juu ya Waziri, na wageni rasmi, na sangara, yakatafuta kule nyuma kwa mafundi, yakamwona anayemtafuta.

"Sikudhani, mwanangu, andika," alisema. "Sijaulizwa siku zote, leo nimeulizwa. Dawa sikuidai kwa mtu, najua vitu huisha, hata kwangu unga huisha. Mimi nilitaka niambiwe haipo. Ningekaa nyumbani na miguu yangu."